Nyayo za Kiboko Uwanja wa Nam

Jumamosi, 5 Julai 1997

Leo nimeuaga uwanja mkubwa wa gofu wa mjini. Sikuaga mtu — nimechukua viatu vyangu kwenye kabati, nikatoka. Mashimo kumi na nane na nimepoteza mipira kumi na mmoja. Kumi na mmoja! Zamani hiyo ingenitosha mwaka mzima. Saleh alikuwa akiitafuta kwenye nyasi, ameinama, halafu anarudi na kusema nyasi za hapa siku hizi wanaziacha zinarefuka. Nyasi hazijarefuka. Ni mimi.

Napiga, nasikia sauti safi ya chuma, nainua uso — mpira hakuna. Kuna mawingu tu.

Njiani Saleh ameniambia kuanzia wiki ijayo tucheze Nam Lodge, kule ufuoni, mashimo tisa mafupi mafupi. Ati magoti yake yamechoka. Magoti ya Saleh hayana neno. Ana ugonjwa wa sukari, hilo nalijua, chai anakunywa kavu, bila sukari, lakini anatembea kunishinda. Miaka ishirini tunacheza pamoja, yeye na duka lake la sare za shule kule Kaloleni, mimi na ramani zangu, na sijawahi kusikia habari ya magoti. Sikumuuliza. Nilisema sawa.

Naandika Kiswahili makusudi. Dorca ni mwalimu, Kiingereza atasoma, Dholuo atasoma, lakini Kiswahili cha mwandiko wa mkono kinamchosha kabla ya ukurasa kuisha. Hapa niko peke yangu.

Jumatano, 9 Julai

Nimeenda kwa daktari wa macho. Sikumwambia mtu.

Alinifunika jicho moja, akaleta kalamu polepole kutoka pembeni, nimwambie nikiiona. Niliiona ikiwa karibu kunigusa pua. Akaandika. Jicho la pili, vilevile. Akaandika tena. Akaniuliza, Mzee, hii hali umekaa nayo muda gani? Nikasema miezi michache. Ni miaka miwili.

Inaitwa presha ya macho. Kilichokwenda hakirudi. Matone atakayonipa ni ya kulinda kilichobaki, kama kitalindika. Alisema hivyo kwa upole, kijana mzuri, na nilitaka kumpiga.

Nimechora ramani za mashamba miaka ishirini na tisa. Lile bomba refu la kadibodi tunalowekea ramani — funga jicho moja, chungulia. Ndivyo ninavyoona sasa. Katikati kila kitu kiko wazi, wino mweusi, mstari umenyooka, naandika hivi bila shida. Pembeni hakuna. Watu wanafikiri ni giza. Si giza, hakuna tu.

Matone nimeyaficha ndani ya soksi za gofu.

Jumamosi, 12 Julai

Nam Lodge. Nilikuwa nimepadharau miaka yote hii na ni kilomita tatu kutoka kwangu Kisian. Hoteli ndogo, vibanda vya wageni, familia za Milimani na za Nairobi zinakuja wikendi kula samaki na kupiga picha ziwa. Shimo refu kabisa ni yadi mia na arobaini. Fupi ni sitini na tano, hata nyanya yangu angefika. Pale penye bendera hakuna nyasi, kuna duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari. Brauni, ndivyo tunavyoita. Ukimaliza kuputi, kuusukuma mpira shimoni, unaburuta gunia kuusawazisha kwa ajili ya anayekuja nyuma. Mtunza uwanja anaitwa Dishon, mtu wa maneno machache.

Kwenye ubao wa sheria kuna ile sheria yao: mpira ukiingia kwenye unyayo wa kiboko, utoe, uweke kando, hakuna adhabu. Viboko wanapanda kutoka majini kula nyasi na wanaacha mashimo kila mahali. Mwaka juzi nilipita hapo kwa miguu, mguu ukaingia kwenye mojawapo, nikachechemea mwezi mzima.

Kwa hiyo leo: napiga, siuoni mpira, Saleh anatangulia. Halafu ananiita, "Bwana Absalom, njoo huku. Umeingia kwenye unyayo. Nimeshautoa." Mara nne! Mara nne kwa mashimo tisa. Akasema hawa wanyama wenu wa huku wana chuki na wewe. Nimemaliza kwa mapigo thelathini na nane tu, na kadiri yanavyopungua ndivyo bora. Mpira uliopotea: hakuna hata mmoja.

Nimerudi nyumbani naimba. Dorca ameniuliza, "Baba Selpha, umepewa nini huko?" Nikamwambia upepo.

Jumamosi, 26 Julai

Thelathini na sita. Nyayo tano. Nahisi kama nimepewa uwanja wa saizi yangu. Macho yamefupika, uwanja umefupika, tumelingana. Namna hiyo mtu anaweza kuishi.

Alhamisi, 14 Agosti

Leo wamenikamata.

Shamba la mjane mmoja upande wa Maseno. Nilichora mpaka wake wa mashariki mara mbili. Mistari miwili, sentimita moja kati yao, na mimi sikuona wa kwanza nilipochora wa pili. Kwenye ardhi yenyewe hiyo sentimita ni mita ishirini na tano. Ni chakula cha mtu.

Bwana Wakhisi, mkubwa wangu, aliniita, akafunga mlango. Hakugomba. Afadhali angegomba. Aliweka ramani mezani, akauliza ni upi. Nikaweka kidole kwenye ule niliouona. Akasema, na huu mwingine? Akaburuta kidole changu mpaka juu yake.

Niende likizo, barua itakuja. Nimejua barua yenyewe itasema nini. Nimekusanya kalamu zangu, rula, wembe wa kukwangulia wino. Zimejaa kwenye mfuko mmoja wa karatasi. Miaka ishirini na tisa!

Jumapili, 17 Agosti

Dorca ameyaona matone. Alikuwa anafua soksi. Alingoja mpaka tumetoka kanisani, tumekula, amekunja kitambaa cha meza. Ndipo akaviweka mbele yangu, vichupa viwili, kimoja kimeisha.

Akaniuliza tangu lini. Nikamwambia ukweli, miaka miwili. Akalia. Si kwa sababu ya macho, amesema, ni kwa sababu miaka miwili amekuwa akinigombeza ninavyogonga milango na kumwaga chai, akidhani ni dharau. Alinigombeza mbele ya watoto. Kwa nini sikumwambia?

Niliogopa, basi. Nikisema kwa mdomo itakuwa kweli.

Nimemwomba asimwambie Saleh. Akakubali.

Jumamosi, 30 Agosti

Thelathini na nne. Mama Rehma anayesimamia hoteli amenipa soda ya bure, akasema Mzee unazidi kuwa kijana. Barua ya ofisi imefika Jumanne, sitaandika habari zake hapa. Kitu kimoja kimebaki kwangu wiki nzima na ni saa tatu za Jumamosi. Siku nyingine nakaa barazani nasubiri Jumamosi tu. Jumatatu ndiyo mbaya zaidi.

Jumamosi, 13 Septemba

Siku mbaya. Mbaya kabisa.

Nam kulikuwa na harusi, uwanja umefungwa. Nikasema twende Asembo, kuna zile nyumba za likizo, wana mashimo sita. Saleh hakutaka. Ati mbali. Ati pikapu yake inachemka. Nikamshikilia, maana ningekosaje Jumamosi? Tukaenda.

Mashimo sita mafupi kuliko ya Nam. Yadi hamsini, hamsini na tano. Nyasi zimekatwa chini kama nywele za askari. Hakuna viboko, hakuna sheria ya nyayo. Na kulikuwa na watu barazani wanatutazama, wageni na bia zao.

Shimo la kwanza, tisa. La pili, kumi. Mpira mmoja ulienda kushoto kabisa, nasikia mtoto wa mgeni akimwambia mama yake yule mzee anatafuta upande mwingine. Saleh alikuwa amesimama nao, mikono nyuma. Nikamwuliza uko wapi. Akanijibu taratibu, "Kushoto kwako, ndugu yangu. Zaidi. Zaidi." Mpaka nikaukanyaga.

Arobaini na tisa. Kwa mashimo sita! Wiki mbili zilizopita nilipata thelathini na nne kwa tisa.

Kwenye gari, karibu na Kisian, Saleh akasema Asembo upepo wao ni mbaya. Hakukuwa na upepo. Ziwa lilikuwa limelala.

Jumamosi, 20 Septemba

Nam. Thelathini na nne tena. Nyayo sita.

Sitaki kufikiri.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimefikirishwa.

Tulimaliza mapema, Saleh akaenda kuswali. Mimi nimekaa kwenye benchi karibu na shimo la tisa. Dishon akaja na gunia lake kusawazisha mchanga. Ili kuwa na la kusema nikamwambia, omera, ndugu yangu, viboko wako watatumaliza, leo nimetoa mpira kwenye nyayo mara tano.

Akasimama. Akaniuliza nyayo zipi.

Nikamwambia za viboko.

Akasema viboko hawajapanda hapa tangu Machi. Magugu ya ziwani yamefunga ufuo wote, yamejaa kutoka kwenye mawe mpaka kule boti zinapofungwa, wanyama wamehamia upande ule mwingine penye maji wazi. Mashimo ya zamani yeye mwenyewe aliyajaza udongo wakati wa Pasaka, na nyasi zimeshaota. Alisema kwa fahari, maskini. Ni kazi yake. Alitaka nimsifu. Nikamsifu.

Tangu Machi. Mimi nimeanza kuja Julai.

Nimesimama nikatembea. Shimo la tisa mpaka la sita, kurudi nyuma, peke yangu, nikiburuta miguu kama mtoto kwenye matope. Kila mahali ni sawa. Na hapo ndipo nilipokumbuka: miezi mitatu sijajikwaa hata mara moja. Uwanja wenye nyayo za kiboko, na mtu kama mimi, na sijajikwaa.

Kwa hiyo mipira yangu ilikuwa wapi? Kichakani. Kwenye magugu. Majini. Alikuwa anatoa mpira mwingine mfukoni, anauweka pazuri, ananiita.

Saleh aliporudi kutoka kuswali alinishika mkono pale kwenye ngazi. Amekuwa akinishika pale kila mara. Nilidhani ni mapenzi ya kawaida.

Jumanne, 14 Oktoba

Silali, sili. Dorca anadhani ni barua ya ofisi.

Nakumbuka mwaka wa themanini na sita. Kikombe cha mwisho wa mwaka, uwanja mkubwa. Saleh alikuwa anaongoza. Shimo la kumi na saba mpira wake ulisogea wenyewe kwenye nyasi, kidogo tu, upana wa punje ya mahindi. Hakuna aliyeona. Mimi nilikuwa hatua mbili, na wakati huo nilikuwa na macho, na sikuona. Akasema umesogea, akajiongezea pigo moja la adhabu. Akashindwa kikombe kwa moja hiyo hiyo. Watu walimwita mjinga. Mimi nilirudi nyumbani nikamwambia Dorca nimepata rafiki.

Na huyo ndiye ninayemfundisha uongo sasa. Kila Jumamosi, mara tano, mara sita. Anatoka kuswali anakuja kunidanganya. Anaandika namba kwenye kadi kwa mkono ule ule.

Nikimwambia najua, tumekwisha. Hatakubali kucheza tena hivyo, na mimi bila hivyo siwezi kucheza. Nitabaki na baraza na Jumatatu saba kwa wiki.

Na Jumatatu ijayo, Sikukuu ya Kenyatta, ni Kikombe cha Nam. Majina yetu yote mawili yako kwenye orodha. Saleh ndiye aliyeandikisha. Nadhani aliandikisha kabla hajafikiri. Kucheza sisi wawili ni jambo moja. Kikombe kina watu wengine.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nilikwenda kumwambia. Nilikuwa na sentensi yote tayari kichwani. Mvua ikanyesha, tukakaa kwenye kibanda, yeye na chai yake kavu, mimi na yangu. Akaniuliza mbona leo uko kimya. Nikasema mvua.

Nilisema mvua!

Akasema Jumatatu tunaweza kukaa nyumbani tukitaka, kikombe chenyewe ni kidogo, kama sufuria ya mtoto. Alikuwa ananifungulia mlango, nimeona. Ningesema ndiyo, yangeisha hapo bila aibu kwa yeyote.

Nikasema hapana, mimi nataka kucheza.

Kwa nini nimesema hivyo? Naiandika hapa ili nisijidanganye: nilitaka mara moja zaidi. Nilitaka kusikia "nimeshautoa". Nilijua ni uongo na niliutaka.

Jumatatu, 20 Oktoba 1997

Saa tisa na dakika kumi alasiri. Naandika haraka.

Tumecheza asubuhi. Watu ishirini na wawili, wengi wageni wa Nairobi. Tulipangwa wawili wawili, kila mtu anaandika kadi ya mwenzake. Mimi na Saleh, bila shaka. Yeye anaandika yangu. Yake niliandika mimi, akinitajia.

Nilimsikiliza leo. Sijawahi kumsikiliza hivyo. Shimo la pili alisema unyayo, na sauti yake ilikuwa ya kawaida. La nne pia. La tano hakusema kitu, nilitembea nikaukuta mpira wangu mwenyewe, wa kweli, umelala yadi tatu kutoka kwenye bendera — najua ni wa kweli maana jana niliukwangua kwa ule wembe wa ofisi, nikaweka alama ya kucha. Nilifurahi sana. Nikaputi, ukaingia. Mbili! Hiyo moja ni yangu na hakuna wa kuniambia kitu.

La sita, unyayo. Nikainama, nikaushika mpira. Hauna alama. Nikauweka chini, nikapiga.

La nane, unyayo. Hauna alama.

Thelathini na moja. Sijawahi kupata thelathini na moja hata nilipokuwa na macho mawili mazima. Wa pili ni mtu wa benki anaitwa Waliaula, thelathini na tatu. Amekuja mwenyewe kunipa mkono, akaniambia mkewe alikuwa tayari ameshampangia kikombe mahali kabatini, akacheka. Mtu mzuri. Nilimtafuta uso nikaukosa, nikamshukuru kifua.

Mama Rehma akasukuma kadi mbele yangu. Saleh alikuwa ameshatia sahihi yake. Mwandiko ule ule mzuri wa risiti za dukani, S kubwa na mkia. Akaushika mkono wangu, akaweka kidole changu kwenye mstari wa pili, akasema, "Tia hapa, ndugu yangu."

Nikasema nimesahau miwani nyumbani. Miwani! Sivai miwani, haisaidii. Mama Rehma akasema hakuna haraka, kadi ziingie kabla ya saa kumi na moja.

Kwa hiyo tumekuja na kadi hapa nyumbani kula. Dorca amepika samaki, ngege, na ugali. Alimuuliza Saleh mchezo umekwendaje na Saleh akasema mumeo ameshinda. Dorca hakushangilia. Alinitazama, nilihisi. Akamtazama yeye. Sasa sijui nani kati yao ameahidiana nini na nani, na tangu lini.

Chakula kilipokwisha Dorca akaleta chai. Mimi nikauliza. Sikupanga, ilitoka tu, tena kwa sauti ya kawaida kama mtu anayeuliza bei ya sukari. Nikasema, Bwana Saleh, hivi kiboko alipanda lini mara ya mwisho pale Nam?

Dorca aliacha kukusanya sahani.

Saleh akavuta kikombe chake karibu. Nikasema basi niende chumbani nilete kalamu, nikampa nafasi, nikaja hapa. Mlango nimeuacha wazi. Kadi iko mbele yangu, nimeilaza kando ya ukurasa huu ninaouandika. Najua mstari uko wapi. Naona namba zake moja moja nikizifuata: nne, tatu, nne, tatu, mbili. Mbili ni yangu.

Akisema Machi, sitii sahihi, na yeye jina lake limeshaandikwa hapo chini ya uongo, na Jumamosi hakuna tena. Akisema juzi, nitatia. Nitatia na kumfanya mtu wa uongo mpaka afe.

Kalamu ninayo mkononi tangu niingie. Wanajua ninayo. Hakuna anayeniita.

Namsikia Saleh. Anakoroga chai. Nyumba hii haijamwekea sukari tangu mwaka wa tisini na moja, chai yake ni kavu, na anaikoroga. Kijiko kinazunguka, kinagonga kikombe, kinazunguka. Dorca amesema kitu, chini chini, sikukipata. Bado anakoroga.